Nilienda shuleni kumtoa binti yangu mkondo wa amali, nikaishia kufanya mtihani wa kuchomelea nikiwa na miaka 46

Wakuu, mwangaluka. Mnaosoma jioni mtajisalimia wenyewe.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe hapa Bariadi, sikuhadithiwa na mtu. Majina nimebadilisha, shule sitaitaja, na wale wa "bila picha uzi ni chai" poleni sana, picha sina.

Ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, madawati, na zaidi ya yote mikokoteni ya ng'ombe. Elimu yangu darasa la saba. Kazi nilijifunza kwa mzee mmoja hapa mjini, kwa kushika na kuungua, na sasa ni miaka ishirini na kitu nina banda langu mwenyewe. Wateja wengi ni wakulima wa pamba na mpunga wa Ngulyati na vijiji vya kule.

Nina mabaka ya moto kwenye mikono yote miwili. Macho ndiyo usiseme. Miaka ya mwanzo tulikuwa tunachomelea na miwani ya jua ya dukani, ukilala unahisi umemwagiwa mchanga machoni, mke wangu ananikandia viazi vilivyokatwa. Mafundi wenzangu humu wanajua ninachosema.

Nayataja haya ili muelewe kwa nini nilikasirika.

Binti yangu Minza alifaulu darasa la saba vizuri tu, akapangiwa sekondari moja nje ya mji. Tukashona sare, tukanunua madaftari, mzazi nimevimba kichwa. Moyoni nimeshampangia kazi: huyu atakuwa nesi au mhasibu, atakaa kwenye kiti, ofisi ina feni.

Mwezi wa pili nafungua daftari lake naona amechora mashine ya welding. Ameipaka na rangi.

Nikamuuliza hii ni nini. Akasema, "Baba, mimi niko amali. Fani yetu ni kuchomelea."

Kwa wasiojua, niwaeleze kidogo. Siku hizi sekondari ina mikondo miwili. Mkondo wa jumla ni ule tuliouzoea, historia, jiografia na wenzake. Mkondo wa amali mtoto anasoma baadhi ya masomo ya kawaida, halafu juu yake anabeba fani moja ya ufundi tangu form one. Akimaliza form four anatoka na elimu ya sekondari na ufundi mkononi. Shule ndiyo inayopangiwa fani, wengine wanapewa ushonaji, wengine kilimo, wengine umeme. Hii ya kwetu ilipangiwa kuchomelea.

Wakati huo nilikuwa sijui hata robo ya haya. Nilichosikia mimi ni kwamba mtoto wangu kafaulu halafu serikali imemrudisha kwenye banda langu.

Nilichomelea miaka yote hiyo ili mtoto wangu asichomelee. Wallahi nililia kwa hasira, na mimi si mtu wa kulia.

Kesho yake nikawasha pikipiki mpaka shuleni.

Mkuu wa shule ni Mwalimu Kimaro, mtu wa Kilimanjaro, mpole mpaka anakera. Nimeingia na moto wangu, yeye ananiuliza kama nimekunywa chai. Nikamwambia nataka mtoto wangu ahamishiwe shule ya mkondo wa jumla. Hakubishana. Akatoa fomu ya uhamisho, akanipa na kalamu.

Pale kwenye sababu ya kuhama nikaandika kwa herufi kubwa: SITAKI MTOTO WANGU AWE FUNDI.

Nimeshamaliza kuandika, Mwalimu Kimaro akaniambia, "Fundi, kabla hujanikabidhi hiyo, njoo uone karakana."

Nikamfuata. Ni darasa la kawaida lililowekewa milango mipana. Ndani kuna boksi kubwa la mbao, na ndani ya boksi kuna mashine. Wakuu, ile mashine! Mpya, haijawahi kuguswa, na mimi kwenye banda langu sijawahi kuwa hata na nusu ya hiyo. Pembeni barakoa za uso, gloves za ngozi, aproni, vyote bado viko kwenye nailoni.

Ukutani ubao, na kwenye ubao mtu amechora mashine hiyohiyo kwa chaki.

Watoto walikuwa wanafundishwa kuchomelea kwa chaki! Mwalimu wa fizikia, kijana wa watu hana kosa, anasoma kitabu anawachorea. Mashine iko hatua tatu kutoka kwenye madawati yao.

Nikaanza kufoka. Nikamwambia huu ni utani, mnacheza na watoto wa watu. Hapo ndipo nilipomuona Mwalimu Kimaro amekasirika kwa mara ya kwanza.

"Unadhani mimi napenda?" akasema. "Mwalimu wa fani niliyepangiwa hakuripoti. Nimeandika barua mpaka kalamu imekwisha."

Akanieleza hali ilivyo. Barua imekuja kutoka wilayani kwamba ikifika likizo ya mwezi wa sita shule haina mtu wa kufundisha vitendo, mashine inapelekwa shule nyingine yenye mwalimu, na watoto wake wanarudishwa mkondo wa jumla. Anaruhusiwa kumtumia fundi wa mtaani, akae chini ya mwalimu wa fizikia na kusimamia vitendo tu. Sharti fundi awe na cheti cha ufundi cha serikali.

Akaniuliza, "Wewe una cheti?"

Nikamjibu nina mikokoteni.

Sasa hapa nisikilizeni. Akili ya kawaida ilitakiwa kuniambia nikae kimya. Nilichokuwa nakitaka kilikuwa kinakuja chenyewe. Mwezi wa sita mashine inaondoka, Minza anarudi jumla, mimi naendelea na ndoto yangu ya feni.

Lakini lile boksi lilinikaa kooni. Nimetoka pale sijakabidhi fomu, nimeikunja nimetia kwenye mfuko wa shati. Njia nzima nawaza wale watoto wanaochora mashine waliyokaa nayo chumba kimoja. Nikiwa na umri wao mimi ningeifungua usiku kwa meno.

Kumbe kuna utaratibu wa serikali wa kupima mafundi wa mtaani. Wanauita urasimishaji wa ujuzi. Huendi kukaa darasani miaka miwili. Wanakuja wapimaji, wanakuhoji, wanakupa kazi ufanye mbele yao, ukiweza unapewa cheti kama aliyesoma chuo. Usichoweza wanakuambia ukajifunze hicho tu. Mimi nilikuwa nausikia kwenye redio naona unawahusu watu wa Dar.

Nikajiandikisha. Mama Minza akacheka mpaka akashika mlango. "Wewe na mtihani wapi na wapi!"

Siku ya kupimwa tulikuwa mafundi kama ishirini, wengi vijana. Mpimaji wangu alikuwa Madam Zuhura, mtu wa Tanga, ushungi kichwani na buti za chuma mguuni. Kiswahili chake kimenyooka mpaka ukimjibu unajisikia umekosea salamu.

Akaanza na maswali ya mdomo. Nikamaliza yote. Akaniuliza najuaje kama moto wa mashine umezidi, nikamwambia nasikiliza, ukizidi unalia tofauti. Akatabasamu akaandika. Alinikemea kitu kimoja tu, kuinua barakoa kila mara, maana nimezoea kuchungulia.

Kisha akanipa karatasi yenye mchoro. Fremu ya dawati la shule. Vipimo vyote kwa milimita, dawati limechorwa kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu. "Tengeneza hili, kaka fundi."

Dawati! Nimetengeneza madawati mangapi hapa Bariadi. Nikautazama mchoro mara moja, nikaona hauna mkono wa kukaza kati ya mguu wa mbele na wa nyuma. Na bomba lililochorwa ni jembamba.

Hapa lazima niwaambie tunavyofanya kazi huku kwetu.

Mteja wa Ngulyati anakuja, mfano Mzee Masanja. Anasema, ngosha, nitengenezee mkokoteni, ekseli iwe hivi, bodi iwe hivi. Unamwitikia ndiyo mzee. Akiondoka unatengeneza unavyojua wewe, kwa sababu unajua udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika unavyolishika tairi na maksai wake wawili wanavyovuta kwa pupa. Unamwekea bamba la ziada chini ya ekseli. Hajaliomba na humwambii. Akija kuchukua anaona mkokoteni mzuri, anasema wabeja sana, anaondoka. Miaka yote hakuna mteja aliyewahi kunirudishia mzigo kwa sababu nimemwongezea chuma.

Ndiyo heshima ya fundi wa mtaani hiyo. Mteja anasema, wewe unajua.

Basi na hapo nikafanya vilevile. Nikaongeza mkono wa kukaza pande zote mbili. Miguu nikaitanua kidogo isiyumbe. Nikamaliza wa kwanza, nikaisimamisha, nikaikalia mwenyewe, nikanesa. Haitikisiki. Vijana wakanipigia makofi.

Madam Zuhura akaja na futi yake. Akapima, akaandika. Akapima tena. Uso haucheki.

Akaniambia, "Kuchomelea kama kwako sijapata kuona tangu nianze ziara hii. Lakini hili silo dawati nililokupa."

Nikamwambia Madam, lile la kwako litavunjika.

Akasema, "Huenda. Sasa fikiria wako mafundi kumi, kila mmoja ameongeza anachokijua yeye kimyakimya. Vipande vitaungana?"

Akaendelea kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. "Ukiona mchoro una kasoro, fanya ulivyochorwa, kisha andika pembeni. Mwambie mwenye mchoro. Usimrekebishe mtu bila yeye kujua. Na hizi alama za pembeni hukuzisoma kabisa, sivyo?"

Kweli sikuzisoma. Nilitazama picha tu.

Matokeo: maeneo yote nimeweza, isipokuwa kusoma na kufuata mchoro. Hapo wakaandika BADO.

Wakuu, aibu niliyoisikia siwezi kuipima. Vijana wa juzi, ambao mshono wao ni kama kinyesi cha kuku, wamepita. Mimi mzee wa banda nimeandikiwa bado. Madam akaniambia baada ya wiki tatu watakuwa Nassa kule Busega, nikitafuta mtu wa kunifundisha kusoma mchoro naweza kwenda kupimwa kipengele hicho tu. Nassa ndiyo ilikuwa awamu ya mwisho kabla ya mwezi wa sita. Nikikosa hapo, mashine inaondoka.

Nimefika nyumbani, Mama Minza akanitazama tu akajua. Nilipomsimulia hakunionea huruma hata kidogo. "Si ndivyo ulivyo? Siku zote unajua kuliko mwenye kitu chake. Hata mboga yangu unaiongezea chumvi nikigeuka."

Minza alikuwa anaosha vyombo. Akasema taratibu, "Baba, mchoro mbona tumeshasoma. Mwalimu wa fizikia ametufundisha kwa ubao."

Kwa chaki. Ile chaki niliyoitukana.

Jumapili baada ya ibada tukakaa chini ya paa la banda, mimi na yeye. Nikamwambia nipe karatasi tuanze. Daftari lake limejaa, hataki kuchana kurasa za masomo mengine. Akaona shati langu la kazi limetundikwa, karatasi imechungulia mfukoni, akaichomoa kabla sijasema kitu.

Ile fomu ya uhamisho.

Akaisoma. Namuona macho yanashuka mstari kwa mstari mpaka pale kwenye sababu, kwenye herufi zangu kubwa. Nilitamani anitukane. Akaigeuza upande wa nyuma ulio mweupe, akailaza juu ya ubao, akachukua rula, akachora mguu wa dawati.

"Hii ni mbele," akasema. "Hii ni ubavu. Kitu ni kilekile kimoja, Baba, wewe ndiye unayezunguka."

Nikajifanya nakohoa.

Jumapili tatu tulikaa hivyo. Alinifundisha kwa nini mstari uliokatikakatika maana yake kitu kimejificha nyuma, kipimo kinaanzia wapi kinaishia wapi, milimita kumi ni sentimita moja, niache habari zangu za inchi na nusu. Nikikosea ananirudisha mwanzo. Mkali kuliko Madam Zuhura. Na mimi kila baada ya somo nikawa namvalisha barakoa namwachia mashine. Mara ya kwanza moto ulipowaka alirusha mkono akacheka kwa sauti kubwa mpaka majirani wakachungulia. Sijawahi kumsikia anacheka vile nyumbani kwangu.

Siku hiyo moyo wangu ndipo ulipolegea, nasema ukweli.

Nassa nilienda na pikipiki, nimefika nimejaa vumbi. Madam Zuhura akanisalimu kwa jina. Akanipa mchoro mwingine, fremu ya benchi. Na huo nao hauna mkono wa kukaza! Sijui alifanya makusudi.

Mkono ulikuwa unaniwasha. Kipande cha chuma cha kutosha kilikuwa kimebaki pale sakafuni, kinaniangalia. Nikakisogeza mbali kwa buti. Nikapima, nikakata, nikachomelea kama ilivyochorwa, milimita kwa milimita. Nilipomaliza nikachukua kalamu nikaandika pembeni ya mchoro: "Miguu hii itayumba. Naomba mwenye mchoro aongeze mkono wa kukaza."

Akasoma. Akapima. Akatia sahihi. Akaniambia, "Hongera, mwalimu."

Mwalimu! Mimi!

Cheti chenyewe kinachelewa, lakini barua ya matokeo ilitosha. Mwalimu Kimaro aliipeleka wilayani siku ileile, na shule ilipofunguliwa baada ya likizo mashine ilikuwa bado ipo. Tulifungua lile boksi na watoto wote wamesimama. Kuna waliopiga magoti kuona vizuri. Mwalimu wa fizikia ndiye aliyewasha kwanza, nilimlazimisha, amechora ile mashine miezi mitano hajawahi kuisikia inaunguruma.

Sasa hivi naenda siku mbili kwa wiki, siku nyingine niko bandani.

Wiki iliyopita niliwapa kazi yao ya kwanza yenye mchoro. Stuli. Mchoro nimechora mwenyewe, nimekesha nao, mkono wa kukaza nimeweka hata mahali pasipohitajika. Nikawaambia atakayebadilisha kitu kimyakimya namwandikia bado, hata awe nani.

Nikapita kukagua. Stuli ya Minza imeyumba, mguu mmoja unaelea hewani. Nikashangaa, maana mshono wake ni mzuri kuwashinda wote. Nikajua hapa ni kuandika bado, tena kwa mtoto wangu, mbele ya darasa zima. Nikachukua futi nikapima. Kila kipande kiko sawasawa na mchoro.

Nikachukua karatasi yake. Pembeni ameandika kwa kalamu ya risasi: "Mwalimu, mguu wa nne umechorwa mfupi kwa milimita kumi. Nimefanya ulivyochora. Naomba mwenye mchoro arekebishe."

Wenzake wote waliurekebisha ule mguu kimyakimya, stuli zao zimesimama vizuri. Ni yeye peke yake aliyeniambia.

Nikatoa kalamu. Wale wengine wote nikawaandikia bado. Kwake nikaandika AMEWEZA, kisha nikatoka nje nikajifanya naangalia pikipiki.

Nilichojifunza, wakuu. Nilidhani shule inacheza na mtoto wangu, kumbe ilikuwa na nusu ya ufundi na mimi nina nusu nyingine, na kila mmoja anaringia nusu yake. Serikali ina mipango mingi na mingine inafika huku imechakaa, sikatai, lile boksi nimeliona kwa macho yangu. Lakini wewe fundi wa mtaani unayesoma hapa, usikae bandani unalalamika kwamba wenye vyeti hawajui kazi. Nenda ukapimwe. Ukiandikiwa bado hutakufa, mimi niko hai.

Na mzazi mwenzangu mwenye mtoto amali, kabla hujaomba fomu, ingia kwanza karakana ukaone.

Kuna mtu najua ataniuliza ile fomu iliishia wapi. Iko ukutani bandani kwangu, nimeipigilia msumari. Upande wenye mguu wa dawati ndio unaoonekana.

Waliopitia urasimishaji mikoa mingine tuelezeni ilikuwaje, na walimu wa amali mlio humu, je, kwenu mashine zimeshatoka kwenye maboksi? Niko bandani, nikipumzika nasoma na kujibu. Matusi pia karibuni, ila andikeni pembeni.